Askari Aliyekufa Njiani

Katika kila matanga ya mtu aliyekufa kwa gari, hapakosi mzee atakayeinuka na kusema, "Ajali haina kinga." Watu huitikia kwa kutikisa vichwa, na maneno hayo huwa kama kifuniko: hufunika chungu, na kilichomo ndani hakitazamwi tena. Methali hii ni ya kale na ina ukweli wake. Walakini wahenga hao hao waliosema ajali haina kinga ndio waliosema pia, "Tahadhari kabla ya hatari." Yafaa basi kuuliza ni ipi kati ya hizi mbili iliyo haki kusemwa juu ya kaburi la kijana.

Msomaji na amfikirie kijana mmoja wa Dandora, mtaa ulio mashariki ya Nairobi. Jina lake halitajwi hapa, kwa kuwa si mtu mmoja aliyeandikwa katika daftari. Ni mfano uliofanywa kwa watu wengi, na katika mitaa ya Eastlands ni wachache wasiomjua mmoja aliye kama yeye.

Baba yake alitoka Ukambani akapata kiwanja Dandora wakati mtaa ule ulipokuwa ukianzishwa. Mpango wenyewe ulianza mwaka 1975, kwa fedha za Benki ya Dunia na kazi ya Baraza la Jiji la Nairobi. Viwanja vipatavyo 6,000 vilipimwa na kugawanywa kwa awamu. Kila mtu alipewa kipande cha ardhi chenye maji na choo, kisha akaachiwa ajenge vyumba mwenyewe kwa kadiri ya nguvu zake. Mzee huyu alijenga chumba kimoja, akapangisha, akajenga cha pili. Katika chumba cha tatu ndimo alimozaliwa kijana, akiwa kitindamimba.

Babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles. Alikwenda Burma katika vita vikuu vya pili, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliyopita katika bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua na matope na homa. Alirudi salama, akalima mtama na mbaazi hata akafa mzee kitandani. Kwa hiyo kijana alipotimiza miaka ishirini na kusema kwamba anataka kuingia jeshini, hakuna aliyeshangaa nyumbani. Mama yake alinyamaza tu, akaendelea kuchagua maharagwe.

Siku ya kuandikisha askari alikwenda uwanjani alfajiri. Akapimwa kimo, akatazamwa meno na miguu, akakimbia mbio ndefu pamoja na mamia ya wenzake, na jioni akawa miongoni mwa wachache waliopewa barua. Akapelekwa Eldoret, katika Chuo cha Mafunzo ya Makurutu, akafundishwa kwata, bunduki, usafi na utii. Siku ya kumaliza mafunzo wazazi wake walisafiri usiku kucha ili wamwone akipita mbele ya jukwaa. Mama hakumtambua mpaka alipocheka.

Baadaye alipelekwa Somalia, kama walivyopelekwa askari wengi wa Kenya tangu Oktoba 2011. Kwa muda wote aliokuwa huko, redio ya nyumbani haikuzimwa. Kila habari ya shambulio ilipotangazwa mama alitoka nje, akasimama mlangoni hadi simu ilipolia. Kijana alirudi mzima. Hakuwa na jeraha hata la kidole.

Akapewa likizo. Aliingia Nairobi jioni, akapanda matatu mjini, akashuka kando ya barabara kuu giza lilipokuwa limekwisha kuingia. Kutoka pale hata mlangoni kwao ni mwendo wa dakika chache kwa pikipiki. Akamwita mwenye bodaboda aliyemjua tangu utoto, wakapatana bei, akapakata begi lake mapajani. Mwendeshaji alikuwa na helmeti moja tu, nayo ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani. Mbele yao palikuwa na lori lililoharibika, limesimama barabarani bila taa wala alama. Mwendeshaji alivunjika mguu. Abiria aliangukia kichwa, na kabla ya usiku wa manane alikuwa amekwisha kufa.

Basi watu walikusanyika nyumbani kila jioni, kama ilivyo desturi ya mtaa. Kamati ya mazishi ikachaguliwa, daftari la michango likafunguliwa, majirani wakaleta viti, sukari na makaa. Maafisa wa jeshi wakaja, wakavua kofia zao mlangoni, wakasema maneno machache ya heshima. Jioni ya tatu alifika shangazi ya marehemu kutoka shambani, mwanamke mzee aliyekuwa hajasikia habari kamili. Akauliza mbele ya watu wote:

"Mtoto wetu amekufa vitani?"

Kaka yake marehemu akajibu, "La, shangazi. Amekufa kwa bodaboda."

Pakawa kimya. Shangazi hakuwa na nia mbaya. Lakini kila aliyekuwapo aliona jinsi baba alivyoinamisha kichwa, kana kwamba ametajiwa aibu. Laiti kijana angalikufa Somalia, watu wangalijua la kusema. Wangalisema alikufa kwa ajili ya nchi. Kifo cha barabarani hakina adui wa kulaumiwa, hakina mahali pa kuonyeshwa katika ramani, wala hakina neno la kukieleza. Hapo ndipo mzee mmoja aliposema, "Ajali haina kinga," na wengine wakaitikia.

Koplo aliyekuwa amekuja na maafisa, mtu aliyekaa na marehemu katika kikosi kimoja, ndiye aliyevunja desturi. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, naomba ruhusa niseme neno."

"Sema, mwanangu."

"Kule tulikokuwa, sikumwona hata siku moja akitoka langoni bila kofia ya chuma. Hata jua likiwa kali namna gani. Ilikuwa amri, naye alikuwa mtu wa kutii amri. Hapa hakuna aliyemwamuru."

Baba hakujibu neno. Lakini usiku ule hakulala.

Katika maneno ya shangazi na ya koplo yamo maswali mawili. La kwanza ni hili: je, askari aliyekufa njiani apewe heshima ndogo kuliko aliyekufa vitani? La pili: je, ni kweli kwamba ajali yake haikuwa na kinga?

Swali la kwanza limekwisha kujibiwa na wale ambao kazi yao ni kuhesabu askari waliokufa. Iko tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo hutunza makaburi katika nchi nyingi, na mojawapo ya viwanja vyake ni lile kaburi kubwa la Nairobi lililo katika barabara ya Ngong. Kanuni ya tume hiyo ni kwamba askari aliyekufa akiwa kazini katika miaka ya vita huhesabiwa kuwa wa vita, sababu ya kifo iwe ni yo yote. Aliyepigwa risasi, aliyekufa kwa malaria, na aliyepinduliwa na lori, wote huwekewa jiwe la namna moja. Cheo hakiongezi ukubwa wa jiwe, wala namna ya kufa haipunguzi.

Watu wa Eastlands wangeweza kuijua kanuni hii bila kusoma vitabu, kwa sababu waishi juu ya majina ya vita. Anayetoka mjini kwenda Dandora hupita Kariokor. Jina hilo ni Carrier Corps lililogeuzwa na vinywa vya watu, maana hapo ndipo ilipokuwa kambi ya wapagazi wa vita vikuu vya kwanza, vya miaka ya 1914 hadi 1918. Dar es Salaam nako kuna Kariakoo kwa sababu iyo hiyo. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na adui. Waliuawa na kuhara, homa, njaa na uchovu wa mizigo. Walikufa njiani, kwa maana halisi ya neno hilo. Akiendelea mbele, msafiri hupita uwanja wa ndege za jeshi wa Eastleigh. Na mwenye kupitia barabara ya Jogoo hulikuta soko la Burma, lenye jina la nchi ambako askari wa Kiafrika walipigana katika vita vya pili.

Kwa heshima ya askari na wapagazi, sanamu tatu za shaba zilisimamishwa Nairobi mwaka 1928 katika barabara ambayo siku hizi huitwa Kenyatta Avenue, na mpagazi ni mmoja wa hao watatu. Lakini sanamu haina majina. Mwaka 2021 tume ile ya makaburi ilitoa taarifa ikakiri kosa kubwa: kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, na pengine hata hawakukumbukwa kwa namna yo yote, na kwamba huenda hesabu ikafika 350,000. Mtaa una jina la kikosi chao, wala hakuna ajuaye kila mmoja wao alikuwa nani. Ndiyo sababu mzazi wa Dandora hana haki ya kuona haya. Yule kijana ana jina, ana namba, ana picha iliyotundikwa ukutani akiwa amevaa bereti. Aliyekufa barabarani akirudi kutoka kazini ni askari vile vile.

Tena hayuko peke yake katika nchi hizi. Mnamo Juni 2018, huko Mbeya, Tanzania, gari lililowachukua vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa lilipata ajali, na vijana zaidi ya kumi wakapoteza maisha kwa mara moja. Walikuwa hawajaona vita. Walikuwa safarini tu. Katika Kenya, Meja Jenerali Joseph Ndolo, Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi baada ya Uhuru, mtu aliyewahi kuwa askari wa KAR, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1984. Barabara haiulizi mtu ana nyota ngapi mabegani.

Sasa swali la pili, lililo zito zaidi. Je, ajali haina kinga?

Mnamo tarehe 13 Mei 1935, katika wilaya ya Dorset huko Uingereza, mtu mmoja alikuwa akiendesha pikipiki yake kwa kasi katika njia nyembamba. Ghafula akawaona wavulana wawili juu ya baiskeli mbele yake, akakwepa ili asiwaue, akatupwa chini, akaumia kichwa. Alikuwa T. E. Lawrence, askari mashuhuri wa vita vya Uarabuni, mwenye umri wa miaka 46, ambaye miezi michache tu kabla yake alikuwa ametoka katika jeshi la anga. Alilala siku sita bila fahamu, akafa tarehe 19 Mei.

Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo aliyezaliwa Australia. Cairns hakusema kwamba ajali haina kinga. Vita vya pili vilipoanza, alitazama kwa makini habari za askari wapeleka barua wa jeshi, ambao kazi yao ilikuwa kukimbia na pikipiki usiku na mchana. Mwaka 1941 aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani nchini humo, na kwamba wengi wa hao waliuawa na majeraha ya kichwa. Akaeleza pia habari za wachache waliokuwa wamevaa helmeti, ambao waliumia lakini hawakufa. Kabla ya mwaka huo kwisha, jeshi la Uingereza lilitoa amri kwamba kila askari mwenye pikipiki avae helmeti kazini. Raia wa kawaida wa nchi hiyo hawakulazimishwa na sheria mpaka mwaka 1973; ilichukua zaidi ya miaka thelathini kwa jambo lililojulikana kambini kuwa amri ya barabarani.

Tangu hapo wataalamu wamelipima jambo hili mara nyingi. Uchunguzi mmoja uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa mwenye pikipiki aliyepata ajali kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo siyo kinga kamili. Wako wavaao helmeti wakafa. Lakini mkulima hapigi dawa mahindi yake kwa kuwa dawa huokoa kila hindi. Hupiga kwa kuwa shamba lisilopigwa dawa litaliwa zaidi.

Sheria ya Kenya nayo haikunyamaza. Sheria ya Barabara, Sura 403, yasema kwamba kila apandaye pikipiki, awe mwendeshaji au abiria, avae helmeti na koti lenye kung'aa gizani, na kwamba pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Msomaji na aone kwamba abiria ametajwa pia. Si kosa la mwendeshaji peke yake. Sheria hiyo hiyo yamtaka mwenye gari lililoharibika aweke alama za kuonya wengine. Kwa hiyo usiku ule katika njia ya Dandora zilivunjwa amri zaidi ya moja, na waliozivunja ni zaidi ya mmoja: mwenye lori, mwenye pikipiki, na marehemu mwenyewe.

Neno hilo la mwisho ni chungu, wala halisemwi ili kumhukumu aliyekufa. Laelekea kwa walio hai. Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya kwa hesabu ya Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani. Mwaka 2023 walikuwa 4,324. Kundi lililo kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 1.19 huuawa na ajali za barabarani duniani, na kwamba hakuna kitu kiuacho watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 zaidi ya hicho. Jeshi ambalo lingepoteza watu 4,748 kwa mwaka mmoja lingeuliza maswali mchana na usiku. Katika matanga huulizwa tu nani atapika chai.

Kuna pia mambo ya karatasi, ambayo waliofiwa huyasahau kwa sababu ya huzuni, nao baadaye hujuta. Ajali yapasa kuandikwa kituo cha polisi upesi, na jamaa waombe nakala ya taarifa yake. Cheti cha kifo kitafutwe mapema, maana bila hicho benki, ofisi ya malipo ya uzeeni na mahakama havitaanza lo lote. Mke, mume, wazazi na watoto wa aliyeuawa kwa uzembe wa mwingine waweza kudai fidia mahakamani chini ya Sheria ya Ajali za Kifo, Sura 32, lakini shauri hilo lifunguliwe katika miaka mitatu tangu kifo. Na likiwa gari ni la Serikali, muda ni mfupi zaidi, miezi kumi na miwili tu. Wako watu wazungukao hospitalini na katika nyumba za matanga wakijidai kuwa wasaidizi, wenye kutaka sahihi ya mzazi juu ya karatasi asiyoisoma. Asitie sahihi mtu aliye na machozi machoni. Amtafute wakili mwenye ofisi ijulikanayo, na amchukue mtoto ajuaye kusoma vizuri. Na kila askari kijana, angali mzima, ahakikishe kwamba jina la mrithi wake katika daftari la kikosi ni la mtu anayemtaka leo, si la yule aliyemwandika siku ya kwanza alipokuwa bado hajaoa.

Turudi nyumbani kwa yule mzee. Maiti ilichukuliwa hadi shambani Ukambani, ikazikwa karibu na kaburi la babu. Askari walisimama mistari miwili, risasi za heshima zikapigwa hewani, tarumbeta ikalia, na bendera iliyofunika jeneza ikakunjwa na kutiwa mikononi mwa mama. Shangazi alilia kuliko wote. Alipomaliza kulia alimwendea kaka yake, akasema, "Nilidhani huzikwa hivi aliyekufa vitani tu." Mzee akamjibu, "Mimi pia nilidhani hivyo."

Juma la pili baada ya kurudi Dandora, mzee alikwenda katika kituo cha bodaboda kilicho kwenye kona ya njia yao. Mwendeshaji yule alikuwapo, amekaa juu ya kreti la soda, mguu ukiwa na plasta, gongo likiwa kando. Alipomwona mzee alijaribu kusimama ili akimbie, akashindwa. Mzee akamwambia, "Kaa, mwanangu. Sikuja kwa ugomvi." Kisha akawaambia wote neno lake: kwamba katika kituo kile asipakiwe mtu wakati wa usiku bila helmeti kichwani. Alikuwa amechukua kodi ya mwezi ya chumba kimoja, akanunua helmeti nne, nazo aliziweka mbele yao.

Hawakukubali wote. Mmoja alisema kwamba abiria huchukia kuvaa kofia iliyovaliwa na mtu mwingine, kwa ajili ya jasho na harufu, na kwamba akina mama husema itaharibu nywele zao walizosukwa kwa fedha nyingi. Mwingine akasema kwamba abiria akikataa helmeti huenda kwa pikipiki ya pili, na chakula cha watoto kinakwenda pamoja naye. Hayo ni maneno ya kweli, wala mzee hakuyabeza. Alisema, "Wekeni kitambaa ndani kwa kila abiria, nacho kifuliwe. Tena mkikubaliana nyote, hatakuwa na pikipiki ya pili ya kukimbilia." Mwenyekiti wa kituo akasema watalizungumza. Yule mwenye gongo ndiye aliyenyosha mkono akachukua ya kwanza, akaipangusa kwa shati lake.

Haijulikani kama desturi hiyo itadumu katika kona ile. Mambo kama hayo hudumu pale ambapo mtu mmoja huyakazania kila siku, nayo hufa pale anapochoka. Lakini siku chache baadaye palikuwa na matanga mengine katika mtaa ule, ya mtu mwingine, na kama kawaida akainuka msemaji akasema, "Ajali haina kinga." Watu wakatikisa vichwa. Mzee alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango. Hakusimama wala hakubishana, maana haifai kubishana katika nyumba ya kilio. Alingoja mpaka watu walipoanza kutawanyika, akaenda akaketi kando ya baba wa marehemu, akamshika mkono. Akamwuliza jina la mtoto wake, akalisikiliza lote, hadi la ukoo. Ndipo alipomwuliza jinsi ilivyotokea.